Moto wa Juu Uliokataa Kuwaka

Mama yangu alikuwa na siku ya nne hajala. Uji anaukodolea macho, supu anaisukuma kwa nyuma ya kiganja, tende anazigusagusa kisha anazirudisha kisahanini. Daktari alishasema homa imekwisha, kilichobaki ni ale. Ale! Utadhani mimi ndiye ninayemnyima. Basi asubuhi moja ya Shaabani akafumbua macho, akasema bila kuulizwa, "Ningepata mkate wa kumimina."

Nilitoka chumbani machozi yananitoka kwa furaha. Mchele nilikuwa nao umelowa tangu jana kwa ajili ya vitumbua. Nikausaga kwa tui zito, nikatia hamira, sukari na iliki, nikauacha uumuke. Adhuhuri ulikuwa umefika mdomoni mwa bakuli. Nikaipaka sufuria samli, nikamimina, nikaiingiza kwenye oveni yangu ya umeme. Oveni hiyo nilijivuna nayo mtaani kwetu Dunda kote, nikiwaambia wenzangu kwamba mimi na makaa tumeachana kwa talaka tatu.

Moto wa chini ulifanya kazi yake vizuri. Nilipozungusha kitufe niwashe moto wa juu, ule wa kuutia mkate wekundu usoni, oveni ikalia pii, pii, pii, ikaandika herufi F na namba, ikazima kila kitu.

Nikazima swichi ukutani, nikasoma Fatiha, nikawasha. Pii. Nikafungua mlango nikaufunga kwa adabu. Pii. Nikaufunga bila adabu. Pii, pii, pii! Nikavuta kijitabu chake kutoka kabatini, kumbe panya wamekula kurasa za mwisho, na hizo ndizo zilizoeleza matatizo. Sauti ndogo ikatoka chumbani.

"Bado?"

"Karibu, mama."

Mwongo mkubwa mimi. Nilikuwa nimeuguza watu wawili kabla yake, na nilijua hamu ya mgonjwa haina subira. Ikipita imepita, na hujui kama itarudi. Nilikuwa naogopa kweli kweli.

Nikampigia fundi wa majokofu anayekaa mitaa miwili kutoka kwetu. Akaja mbio na bodaboda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ingia, salamu baadaye."

Aliitoa sufuria, akakata umeme, akaisogeza oveni na kufungua bati la nyuma taratibu, hata nikatamani kumsukuma. Akanionyesha kijiti cha chuma chembamba kama kalamu, kimechomoza ndani karibu na dari ya oveni.

"Hiki ndicho kinachopima joto la moto wa juu," akasema. "Kikifa, oveni haijui moto umefika wapi. Inaogopa kuungua, inajizima."

Akagusisha nyaya zake kwenye mita. Sindano haikutikisika. Akakichomoa kijiti, akakigeuza mwangani, akaguna.

"Kimekatika shingoni. Na mbona kinang'aa hivi? Nani kakisugua?"

Nilikisugua mimi. Juma lililopita, katika kusafisha nyumba kuupokea mwezi mtukufu, niliingiza kichwa ndani ya oveni nikaisugua kwa jivu na kumbi la nazi kama ninavyosugua sufuria zangu. Kile kijiti nilidhani ni uchafu ulioganda. Nilikisugua kikapinda, nikakinyoosha, nikakisugua tena. Mama ndiye aliyetulea hivyo, akituambia kwamba mwanamke hutazamwa kitako cha sufuria yake. Ole wangu na usafi wangu!

"Kinapatikana?"

"Dar, mama. Labda kesho kutwa."

"Basi unganisha hizo nyaya, ziende bila hicho kijiti."

"Uchome nyumba na mgonjwa ndani? Sifanyi."

Nilimtolea maneno ambayo baadaye nilimfuata kwake kumwomba radhi. Wakati ule nilimwona yeye ndiye adui.

Jiko la makaa la mama lilikuwa uani, kuku wanatagia ndani. Nikawatimua kuku, nikawasha moto. Zamani mama akipika mkate huu, ukishashika chini, huigeuza sufuria kichwa chini juu ya makaa. Mkate unang'ang'ania humo humo, uso wake unaiva kwa moto. Nilimwona akifanya hivyo utoto wangu wote, lakini mimi mwenyewe sijawahi kuigeuza hata mara moja. Nikashika sufuria kwa matambara mawili. Bismillahi.

Mkate ukaanguka. Wote, puu, kwenye makaa.

Nilikaa chini pale pale nikalia kama mfiwa. Wala sikuulilia mkate. Nilikuwa nimeshamwona mama yangu anazikwa na hamu yake, na mimi ndiye niliyeiua kwa kumbi la nazi.

"Ulipaka samli?"

Nikageuka. Mama amesimama mlangoni, mkono ukutani, kanga imemkaa upande. Siku nne hakuwa amesimama bila kushikwa.

"Nilipaka, mama."

"Sufuria ya makaa haipakwi kitu. Ipate moto kavu, ndipo mkate ushike. Nani alikufunza?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi nilikuwa napika, wewe unachezea vifuu."

Akajikokota hadi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akaketi, akanyoosha mkono. Nikamtolea kipande kwa koleo, kimeungua upande mmoja, upande wa pili hakijaiva sawasawa. Akakipuliza jivu, akatia kinywani. Nilikuwa namtazama koo. Akameza. Akanyoosha mkono tena.

"Kibaya," akasema, kinywa kimejaa. "Kibaya kabisa. Nenda karoweke mchele mwingine. Kesho namimina mwenyewe."