Mstari wa Manju Lugembe

Lugembe wa Kwihara hakuwahi kuomba kupendwa. Alikuwa mkulima wa mtama na karanga kama wengine, na shamba lake lilikuwa chafu kuliko mengi. Marehemu mkewe alizoea kusema kwamba magugu ya Lugembe yanajua mwenyewe yuko kwa jirani. Na kweli, kwa jirani ndiko alikokuwa. Lugembe alikuwa manju, kiongozi wa nyimbo za kulima. Mvua zilipoanza, kundi la kijiji lilitoka alfajiri, majembe begani, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Yeye alitangulia akiimba, na watu walijipanga nyuma yake kwenye njia nyembamba, wakiitikia. Hakuna aliyempita manju njiani. Ilikuwa desturi, na miguu ya watu iliijua kuliko vichwa vyao.

Sauti yake haikuwa kubwa. Ila mwanamke aliyeamka na ugomvi na mumewe alijikuta akiitikia, na mumewe, hatua chache nyuma, akaitikia pia. Watu walipomuuliza Lugembe anafanyaje, aliitazama mikono yake kana kwamba jibu liko huko, kisha akaomba tumbaku.

Mwaka mmoja, Waingereza wakiwa bado watawala, ilitangazwa kwamba baraza la mtemi litaongezewa watu wa kuchaguliwa, mmoja kutoka kila kijiji. Wakati uleule zikaja habari kwamba msitu wa upande wa magharibi utawekewa mpaka, na mtu asiingie tena. Humo ndimo ilimotundikwa mizinga ya kijiji kizima. Asali yake ilivalisha watoto na kuozesha vijana. Mizinga ya Lugembe aliachiwa na baba yake, na hakuwa na urithi mwingine. Jambo la mpaka lingesemwa kwenye kikao cha kwanza cha baraza jipya.

Lugembe alijua nani aende. Alikuwa shemeji yake Dionis, katekista, aliyemwoa dada yake Flavia. Dionis aliujua msitu kijito kwa kijito, na aliweza kusema na wakubwa bila kutetemeka wala kuwaudhi. Ila watu walimwona mkavu. Alimsalimu mtu huku macho yake yako kwenye shughuli inayofuata. Mpinzani wake, Silasi, muumini wa kanisa la Moravian mwenye ng'ombe wengi, hakuwa na mzinga hata mmoja, na aliona maneno ya msitu ni kelele tu.

"Shemeji," Dionis alimwambia, "siku ya uchaguzi njoo uniimbie, watu wakusanyike."

"Nikuimbie nini? Katekisimu?"

"Imba unachoimba siku zote. Kusema nitasema mimi."

"Ukisema wewe watu wanasinzia, shemeji. Uwawahi kabla hawajala."

Flavia alicheka jikoni. Dionis hakucheka, lakini alimmiminia shemeji yake togwa zaidi.

Siku ilipofika, karani Nassibu alikuja kwa baiskeli kutoka Tabora mjini, amevaa kanzu na koti. Akaeleza kwamba hakuna karatasi. Silasi asimame kando ya kisima, Dionis kando ya uzio wa kanisa, na kila mtu ajipange nyuma ya amtakaye. Silasi alisema kidogo. Dionis alisema mengi, na yote yalikuwa kweli. Watu walimsikiliza kwa adabu, kama wanavyosikiliza mvua inayonyesha kijiji kingine.

"Haya, jipangeni," alisema karani.

Hakuna aliyenyanyuka. Lugembe aliuona msitu unampotea. Akaanza wimbo wa kulima, ule wa kuwaamsha wavivu, akipiga hatua kuelekea kwa Dionis. Hapo watu wote wakainuka wakajipanga. Walijipanga nyuma yake. Hata wachunga ng'ombe wa Silasi walikuwamo.

Lugembe akasimama, nao wakasimama.

"Huyu ni nani?" aliuliza karani. "Nimeambiwa wawili."

"Mimi si miongoni mwao, bwana karani. Mimi naimba tu."

"Mbona umechaguliwa?"

Lugembe aligeuka. "Ndugu zangu, mstari wa Dionis uko kule."

"Tunajua," wakajibu.

"Basi nendeni."

"Tangulia."

Hakujua kama wanamtania. Bibi Getruda, aliyekuwa wa kwanza nyuma yake, akajifunika kichwa kwa ncha ya kanga. "Manju, jua linatuchoma. Tupeleke popote, mwanangu."

Karani alisema kwamba, kwa kuwa watu wamekwisha kuamua, yeye anaweza kuliandika jina la Lugembe. Lugembe alihisi pumzi za watu mgongoni, zenye joto, na ilikuwa vizuri. Kisha akajiona amesimama mbele ya mtemi na wazee wake, anaulizwa mpaka upite wapi, na hakuna wa kumwitikia.

Akaenda kusimama nyuma ya Dionis. Kijiji kizima kikaja naye, wakiwa bado katikati ya kiitikio. Hapo ndipo baridi ilipompata, juani vilevile. Angegeuka upande wa kisima, nao wangegeuka. Angewapeleka kwa Silasi na msitu ukafungwa, wangefika huko wakiimba.

Dionis akaandikwa.

Jioni Lugembe alikwenda kukaa na Dionis uani kwake.

"Nani amechaguliwa leo?" aliuliza Dionis.

"Wewe, shemeji."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Wewe ndiye uliyekuwa mbele."

"Lingekuwa gogo mbele yako, gogo lingekwenda barazani."

Lugembe aliitazama mikono yake, kisha akaomba tumbaku.

Dionis alikwenda barazani, akakaa huko kikao kizima, akasema aliyokuwa nayo. Mpaka ukasogezwa ng'ambo ya kijito kimoja cha msituni, na mizinga yote ya Kwihara ikabaki nje ya eneo lililokatazwa. Habari ilifika kabla yake, naye akafika usiku. Asubuhi watu walikuja uani kwa Lugembe na kilindo cha gome kilichojaa asali.

"Asante, manju. Umetuokolea msitu."

"Mimi sikwenda huko. Amekwenda Dionis."

"Tunajua," walisema, wakimtazama kwa upendo. "Asante sana."

Aliwatazama mmoja mmoja. Hawakuwa wajinga; aliwajua tangu utotoni. Walijua nani kasema, na shukrani wakaileta kwake, na katika nyuso zao mambo hayo mawili hayakugongana hata kidogo. Yeye ndiye aliyeyagonganisha. Akabeba kilindo kichwani hadi kwa shemeji yake.

"Ni yako," alisema, akikitua.

"Nani kaleta?"

"Watu."

"Wameniletea mimi?"

Uongo ulikuwa karibu, na ungekuwa wa huruma. "Hapana. Wameniletea mimi."

Dionis aliketi, mikono magotini, uso umechoka kwa safari. Flavia akatoka jikoni, akafunua kilindo, akamega sega na kumpa mumewe. Sega la pili akampa kaka yake.

"Tamu?" aliuliza.

"Tamu," alisema Dionis, akitafuna polepole, macho yake kwa Lugembe, kama mgeni asiyejua nani wa kumshukuru.