Gundi Aliyoichuja Mzee Kahigi

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu? Pale karakana yetu ya taa za betri, Buganguzi, aliyevunjika ni mkuu, kwa kutosikia la mdogo.

Taa ishirini zilizimika moja baada ya nyingine mbele ya wageni kutoka Bukoba, senene bado wako midomoni.

Wiki moja kabla ya hapo, mimi Kokubanza, mwenye diploma ya maabara, nilikuwa nimepika gundi ya kutosha betri sita.

Unga wa silikoni ndani ya betri ukichajiwa huvimba karibu mara tatu, ukitumika husinyaa. Gundi ndiyo huushika usimomonyoke. Na hii yetu inapitisha umeme.

Bosi wangu, Mzee Kahigi, akasikia wageni wameongezeka.

"Tutengeneze ishirini."

"Gundi haitoshi, mzee."

"Ongeza maji."

"Haipatani na maji. Itaganda."

"Binti, nimekamua pombe ya rubisi kabla mama yako hajaolewa. Wageni wakizidi, unaongeza maji. Diploma yako itie mfukoni."

Akamimina mwenyewe.

Gundi ikaganda madonge. Akatafuta kitambaa, akaichuja kama pombe, akatupa madonge.

Mtu mzima, kofia kichwani, katupa gundi kabakiza maji machafu, na kwa hayo akaunda betri zote ishirini.

Chaji ya kwanza, taa ziliwaka. Akajipiga picha nazo.

Chaji ya tano, mbele ya wageni, kiza.

Hata hakukohoa. Akaninyooshea kidole.

"Huyu ndiye kaharibu mchanganyiko. Leo ndiyo mwisho wake hapa."

Kazi ikaenda, jina langu likafuata.

Injinia Adventina, mgeni mkuu, akanigeukia. "Una la kusema, dada?"

Nikatoa betri sita mkobani, nikaziunga kwenye taa.

Zikawaka.

"Umezichaji mara ngapi?"

"Kumi na nane."

"Gundi umeipata wapi?"

"Jalalani. Ni madonge aliyoyatupa mzee. Niliyakausha, nikayayeyusha upya kwa dawa ya kuyeyushia gundi, si maji."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Adventina akaandika jina langu na namba yangu. Jumatatu naanza kazi kwake, Bukoba.

Sasa Kahigi ametuma watu: eti nimemvua nguo hadharani, niende nimpigie magoti.

Uzee huleta mvi, hauleti masikio. Mwenye akili na ajifunze hapo.

Mimi siendi. Siombi radhi.