Boti Isiyosikia Breki

Kitu cha kwanza ambacho Raelene alikiona kwa shemeji yake Trevor, siku alipopelekwa kutambulishwa ukweni kwa akina Schirmer, kilikuwa kidole. Hata hajaketi, Trevor alikuwa ameshakinyoosha kumwonyesha kiti cha kukalia. Miaka imepita, mume amezikwa, mvi zimeota, na kidole hakijakunjwa.

Trevor aliuza matairi maisha yake yote, na biashara hiyo ilimfanya aamini kwamba anajua kila kinachobiringika. Alipostaafu aliweka kiti cha kukunja juu ya mteremko wa zege ambako watu wa Smoky Bay hushusha boti zao baharini. Kila asubuhi alikaa hapo na chupa yake ya chai, akiwaamrisha watu waliokuwa wakirudisha trela nyuma tangu utoto wao.

"Kata kulia! Kulia kwako, si kwangu! Nani alikupa leseni, babu yako kipofu?"

Wengine walimchekea pembeni. Raelene, aliyeuza dagaa wa chambo katika kibanda cha jirani, hakucheka. Alimwona kama nzi aliyeangukia mchuzi: hakumkasirikia, alimkinai tu.

Lakini dharau haivuti trela. Boti yao ilikuwa ikishushwa na marehemu mumewe, Colin, na Raelene hakuwahi kujifunza. Sasa chambo peke yake hakikumtosha kuishi, akaamua kuwapeleka wageni kuvua. Kundi la kwanza, wakulima wa ngano kutoka Wudinna, lilikuwa limeshaahidiwa Jumamosi ya kufungua msimu. Basi akameza mate machungu, akamwomba Trevor amshushie boti kwa majaribio.

Trevor alihakikisha watu wamejaa kwanza. Kisha akasimamisha gari juu ya mteremko, akashuka, akafungua mkanda unaoifunga pua ya boti kwenye trela.

"Shemeji, mkanda hufunguliwa majini," Raelene akasema.

"Majini wanafungulia watu wa mjini. Mimi nafungulia hapa. Nikifika chini inaelea yenyewe."

"Na ikiteleza?"

"Iteleze iende wapi? Tani nzima hii, shem! Kitu kizito hukaa kilipowekwa. Umewahi kuona jiwe likikimbia?"

"Nimeliona, mlimani."

"Rudi kibandani, mama. Dagaa wako wanakuita."

Kuna ujinga wa kutojua, nao husameheka. Ujinga wa Trevor ulikuwa wa kushika nusu ya ukweli na kuitembeza kama ukweli mzima. Ni kweli kitu kizito ni kigumu kuanza kwenda. Lakini kikishaanza, uzito uleule hukifanya kiwe kigumu kusimama, na kitaendelea na safari yake mpaka kani nyingine ikizuie. Breki hushika magurudumu. Boti haina habari nazo, isipokuwa ikiwa imefungwa.

Alirudi nyuma kwa kasi ya mtu anayetazamwa. Ndege mmoja, mwari, kati ya wale wanaongoja matumbo ya samaki, akajipitisha polepole nyuma ya trela. Trevor akakanyaga breki. Gari likasimama. Trela ikasimama. Boti ikaendelea. Ilipita juu ya roli, vile vigurudumu vya trela vinavyobeba boti, ambazo Trevor mwenyewe alikuwa amezipaka grisi asubuhi hiyo, akiondoa hata ule msuguano mdogo ambao ungeikawiza, ikashuka kwa utulivu wa mtu anayetoka kitandani, ikatua kwa tako kwenye zege. Kishindo kilisikika hadi baa.

"Ni huyu ndege!" Trevor alifoka. "Mmeona wenyewe, ni huyu ndege!"

"Ndege ndiye pekee hapa aliyejua anakokwenda," Raelene akamjibu.

Fundi alisema ufa ulioachwa na kishindo kile unazibika, boti itakuwa tayari Ijumaa. Jioni hiyo Trevor alikuja kibandani, kofia mkononi.

"Jumamosi nitaishusha tena, shem. Safari hii polepole."

"Jumamosi utakaa kwenye kiti chako, tena kimya."

"Na nani ataishusha?"

"Mimi."

"Wewe? Hata toroli hujawahi kulirudisha nyuma!"

"Wewe umerudisha miaka yote. Tumeona."

Tangu siku hiyo, kila jioni Raelene alivuta trela tupu hadi uwanja wa mpira. Mwanzoni ilijikunja kama panzi, maana usukani ukikatwa huku, trela huelekea kule. Polepole mikono ilizoea, akaweza kuipitisha kati ya mapipa mawili bila kuyagusa. Lakini uwanja ni tambarare na trela ilikuwa tupu. Mteremko utaivuta tani ile nzima kuelekea majini, gari nalo pamoja, na hilo hakuna mapipa yanayoweza kulifundisha. Alilijua vizuri.

Leo Ijumaa boti imerudi, ufa umezibwa. Raelene ameukaza mkanda kwa mikono yake, akaujaribu, akaukaza tena. Wakulima wamepiga simu kusema wameshafunga safari. Kule kwenye mteremko watu wameanza kujiwekea viti vya kesho, na kila anayekuja kununua dagaa anauliza swali moja tu.

"Saa ngapi, Rae?"

"Maji yakijaa," anajibu, na kuendelea kupima dagaa.