Mtu Mwingine Bado Yuko Ndani

Tulipotoka makaburini watu waliketi uani kwenye mikeka, na mimi niliingia chumbani kuzima kompyuta. Sikuwa na sababu kubwa. Nilikuwa nimechoka kupewa pole, na ile mashine ilikuwa inavuma juu ya meza ya mke wangu tangu tulipompeleka hospitali. Nilibonyeza mahali pa kuzimia. Badala ya kuzimika ikaleta maandishi. Yalikuwa ya Kifaransa, na Kifaransa cha sekondari ninacho, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikuelewa. Yalisema mtu mwingine bado anatumia kompyuta hii, na kwamba nikiizima sasa anaweza kupoteza kazi ambayo hajahifadhi.

Nilitazama nyuma yangu. Chumba kilikuwa kitupu. Nikabonyeza pale pa kuacha, nikarudi uani, nikaketi na wengine.

Ile mashine ilikuwa yetu sote wawili. Ilivuka ziwa kutoka Kigoma, ikiwa imekwisha kutumiwa na watu wengine, na binti yetu aliyeolewa huko ndiye aliyeitayarisha alipokuja kututembelea. Alitufanyia milango miwili. Mlango wangu ulikuwa na picha ya meli, wa mama yake ulikuwa na picha yake mwenyewe, amejifunga kitambaa kichwani, amekunja uso kwa sababu ya jua. Kila mlango ulikuwa na neno lake la siri. Upande wangu niliandika barua za chama chetu cha wastaafu wa reli. Upande wa mke wangu sikuwahi kuingia.

Lakini nilijua alichokuwa anafanya huko siku za mwisho. Binti alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na akamwomba mama yake amrekodie nyimbo za Kitabwa za kubembelezea watoto, zile ambazo mke wangu alizaliwa akazikuta kijijini Mpala. Huko Kigoma, binti alisema, mtoto wake hana mtu wa kumwimbia kwa lugha ile. Mke wangu akanunua kipaza sauti cha kuvaa kichwani, na kila siku baada ya chakula cha mchana alifunga mlango na kufanya mazoezi, akisema siku sauti itakapokubali atazirekodi zote kwa mkupuo mmoja. Mimi nilikuwa nalala barazani. Nyimbo zilinifikia nusu nusu.

Siku aliyosema sasa anarekodi, alitoka chumbani ameshika kichwa. Akasema, “Papa, nipe maji, kichwa kinanigonga.” Hakumaliza kikombe. Tulimpandisha pikipiki, jirani nyuma yake akimshikilia. Hakurudi nyumbani. Mimi nilirudi mara moja kumwandikia binti. Mlango wa mke wangu ulikuwa umejifunga wenyewe, picha yake iko pale inakunja uso, nami nikaingia kwa mlango wangu, nikaandika, na nikaiamuru mashine isilale kamwe, ili habari za binti zikija nizione. Amri hiyo niliitoa mimi, kwa mkono wangu.

Kwetu moto wa matanga hauzimwi. Unakokwa uani siku ya msiba na unalindwa mpaka siku ya kuondoa matanga, ndipo dada wa marehemu anaumwagia maji. Nilianza kuitazama mashine kwa jicho hilohilo. Umeme ulikatika kama kawaida yake, nikaiunga kwenye betri ya sola, na waombolezaji waliotaka kuchaji simu zao niliwaelekeza kwa jirani. Kazi ambayo haijahifadhiwa ilikuwa ni zile nyimbo. Hazikuwa mahali pengine popote duniani, na binti, ambaye hakuweza kuvuka ziwa na kichanga, alikuwa anazingoja.

Kisha mashine ikaleta maneno mengine. Nafasi kwenye diski inakwisha.

Nilidhani ni mambo yangu. Nikafuta picha za zamani, nikafuta sinema ya harusi ya mpwa wangu, nafasi ikarudi. Asubuhi yake ilikuwa imeliwa tena. Sikuwa nimeandika herufi hata moja. Nikafuta barua za chama. Jioni nikaangalia: inapungua. Niliketi mbele ya kioo, mikono magotini, nikaona ile tarakimu ya nafasi inashuka yenyewe, polepole, kama maji yanayovuja kwenye mtungi. Upande wa pili wa ule mlango kulikuwa na kitu kinaandikwa.

Nilimwambia shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliyekuja kutoka Mpala baada ya kupata habari ya kifo. Alikuwa anachambua mchele.

“Ile mashine iko inajaa.”

“Inajaa nini, Papa?”

“Sijui. Upande wa dada yako. Hakuna muntu, lakini inajaa.”

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. “Dada alikuwa mwalimu,” alisema. “Pengine hajamaliza kusahihisha.”

Wanawake waliokuwa karibu walicheka, nami nikacheka. Lakini tangu saa ile nilimwona kila anapopita mlango wa chumba kile anakaza kitenge na kuongeza mwendo.

Nilijaribu kuingia. Nilikisia neno la siri: jina la binti, jina la kijiji, jina la somo wake wa ubatizo. Nilikuwa nayatamka kwa sauti huku nikiyaandika, tabia ya uzee. Kila mara mashine ilijibu kwamba neno si sahihi, mwishowe ikaniamuru ningoje kabla ya kujaribu tena. Kufukuzwa mlangoni na picha ya mke wako ni jambo ambalo sikulitazamia maishani. Ningeweza kumpigia binti tangu mwanzo. Sikumpigia. Ningelazimika kukiri kwamba nyimbo za mtoto wake zimefungiwa ndani, na kwamba baba yake, aliyekuwa akimcheka mama yake kwa kuandika kwa kidole kimoja, ndiye aliyebaki nje.

Hapo katikati alikuja mtani. Ni mwanamke mzee wa ukoo unaotaniana na ukoo wa mke wangu, na wote wawili walikulia Mpala katika ua mmoja. Kazi ya mtani kwenye msiba inajulikana: anacheka pale wengine wanapolia, anamwiga marehemu, anaingia anapotaka, na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika. Huyu alifika mchana, akachukua kitambaa cha mke wangu kwenye kamba, akajifunga, akavaa na miwani yake. Akaingia chumbani moja kwa moja, watu nyuma yake, akaketi kwenye kile kiti.

“Wee muzee!” alisema, na watu wakashika midomo, kwa maana ilikuwa sauti yenyewe, pamoja na ule mkwaruzo mdogo wa mwanzoni. “Nimekufa kidogo tu, tayari nyumba inanuka samaki wa ndakala! Na hawa wanaokula wali wangu njo nani? Kwenye ubatizo wa mutoto sikuwaona!”

“Mama, tusamehe!” mmoja alipiga kelele huku machozi ya kicheko yanamtoka.

“Sisamehe! Naweni mikono kwanza!”

Akageukia mashine, akagonga vitufe kwa kidole kimoja, shingo imeinama vile vile. Kipaza sauti kilikuwa kinaning’inia pembeni ya meza tangu mke wangu alipokivua. Kisha akaanza kuimba. Watu wakanyamaza wote pamoja. Sikuweza kubaki. Nilitoka nikaenda nyuma ya jiko, nikasimama pale mpaka niliposikia vicheko vimerudi.

Siku za mvua zikafika. Mawingu yalikaa juu ya ziwa, sola ikachoka, na asubuhi moja alama ya diski ilikuwa nyekundu kabisa. Nikampigia binti.

“Neno la siri?” alisema. “Papa, mbona hukuniuliza? Mimi njo niliweka.”

“Nilifikiri nitalipata.”

Nikasikia anacheka na kulia kwa pumzi moja. “Ni lile jina alikuwa anakuita ukiwa haupo.”

“Jina gani?”

“Kichwakigumu. Andika bila nafasi katikati.”

Niliandika. Mlango ukafunguka. Ndani kulikuwa na dirisha moja tu, na ndani ya dirisha mstari unaotembea kutoka kushoto kwenda kulia. Ulikuwa umelala, una mtetemeko mdogo tu. Nikashusha pumzi, mstari ukainuka. Nikazuia pumzi, ukalala. Nikasema, “Nani?” Ukaruka juu, mkali, ukatulia tena kunisubiri.

Nikaelewa, na kuelewa hakukunipunguzia hofu. Mke wangu alitoka na maumivu yake ya kichwa bila kusimamisha kurekodi. Mlango ulijifunga, lakini nyuma yake kazi iliendelea, na mimi nilikuwa nimeikataza mashine kulala. Tangu siku ile kipaza sauti kilikuwa kinaisikiliza nyumba yetu bila yeye.

Nikasimamisha. Nikabonyeza kuhifadhi. Mashine ikajibu: nafasi haitoshi. Juu ya maneno hayo yakaja mengine: betri iko chini, unganisha umeme. Umeme haukuwepo. Nilichomeka flashi yangu, lakini ilikuwa ndogo, isingebeba hata sehemu ya kumi. Ilinibidi kuchagua kipande.

Nilianza mwanzoni, kama mtu yeyote mwenye akili. Nikasikia kiti, nikasikia mke wangu anakohoa kidogo na kunung’unika juu ya waya, kisha kimya kirefu. Nikaruka mbele kidogo. Hapo ndipo kosa langu. Kurekodi kote kulikuwa kumebanwa kwenye kioo kimoja, siku zote za msiba katika upana wa kiganja, na mchana wa mke wangu ulikuwa mwembamba kuliko ukingo wa ukucha. Nilichoita kidogo kilikuwa siku nyingi. Lakini sikulifikiri hilo, kwa sababu pale nilipogusa kulikuwa na mtu anaimba wimbo wa kubembeleza, kwa Kitabwa, na sauti ilikuwa ni yake. Nilifunga macho. Nikakata kuanzia pale sauti inapoanza mpaka inapoishia, nikaweka kwenye flashi. Nikafunga dirisha ili nafasi irudi, na mashine ikauliza kama kweli ninataka kufuta vilivyobaki, maana havitarudi. Vilivyobaki, nilijiambia, ni majogoo na watu wanaokula wali. Nikakubali. Betri ikakata baadaye kidogo.

Binti alipopata wimbo kwa simu alinipigia siku hiyohiyo. Alisema alimwekea mtoto, na mtoto akaacha kulia, akageuza uso upande wa simu, akalala. Wiki ile nilitembea nimenyooka.

Siku moja kabla ya kuondoa matanga nilimwekea shemeji wimbo ule. Alisikiliza akiwa amesimama, kitenge kimekazwa. Nilingoja alie. Akasema, “Rudisha nyuma.” Nikarudisha. Chini ya wimbo, mbali kidogo, mtu alikohoa.

“Huyu anayekohoa ni mimi,” alisema.

“Hapana.”

“Papa, mimi sikijui kikohozi changu? Nilikuja nacho kutoka kwenye boti.” Akanitazama kwa huruma. “Siku dada aliporekodi nilikuwa Mpala. Hapa nilikuta mmemzika. Huyo si dada. Huyo njo mtani.”

Nilisikiliza tena peke yangu, na tena. Nilikuwa nimeishi na sauti ile tangu ujana wangu, na sikuona tofauti. Hata sasa siioni. Nilipeleka mashine kwa fundi anayetengeneza simu karibu na soko, akajaribu kurudisha nilichokifuta. Alipata vipande: kikombe kinawekwa chini, mvua, na sauti ya mzee anakisia maneno, moja baada ya jingine, kama anamwita mtu aliyepotea. Fundi aliniuliza huyo ni nani. Nilimwambia ni mimi. Nyimbo za mke wangu hakuzipata.

Ningeweza kunyamaza. Mtoto alikuwa analala vizuri. Lakini nilimpigia binti, nikamweleza jinsi nilivyoruka, jinsi nilivyokata, jinsi nilivyokubali kufuta. Nilimwambia kwamba mama yake alikuwa mwanzoni kabisa, na kwamba mimi sikuwa na subira ya kungoja kile kimya kiishe. Nilisikia mtoto wake nyuma.

“Yule bibi,” aliuliza mwishowe, “nyimbo zote anazijua?”

“Walikulia ua mmoja.”

“Basi mwambie aimbe zote. Kwa sauti ya mama. Sitaki yake mwenyewe.”

Sikupenda. Nilimpelekea mtani ujumbe nikitumaini atakataa, lakini mtani hakatai. Alikuja mchana mmoja matanga yakiwa yamekwisha ondolewa, uani pamebaki jivu lenye unyevu. Safari hii hakuvaa kitu cha mke wangu. Aliketi, nikamvalisha kipaza sauti, nikahakikisha nafasi ipo na betri imejaa, nikabonyeza kurekodi. Mstari ukaanza kutembea. Nikasimama mlangoni kusikiliza.

Hakuanza kuimba. Alitazama kioo, akapapasa kitufe kwa kidole kimoja, na bila kugeuka akasema, kwa ile sauti, “Papa, ondoka mlangoni. Unanizibia mwanga.”

Nami nilikuwa nimekwisha sogea kabla sijakumbuka ni nani anayesema.