Klachi Nyepesi ya Papa

Kosa langu la kwanza katika ufundi lilikuwa kuamini kwamba klachi nyepesi ndiyo klachi nzuri. Nalitaja mapema kwa sababu mimi ni mtu wa kuhangaika, na nikiliacha hadi mwisho nitaandika kila sentensi nikiwa naliogopa.

Limenirudia wiki hii kwa njia ya pua. Kijana mmoja aliingiza pikipiki kwenye karakana yangu hapa Gisenyi, na kabla hajazima injini nikainusa klachi iliyoungua. Harufu hiyo haifanani na nyingine. Ni kama karatasi iliyotiwa mafuta na kuchomwa ndani ya sufuria iliyofunikwa. Inakaa kooni na kukataa kumezwa. Kijana alinieleza shida yake mara mbili akidhani simsikii. Nilimsikia. Ila nilikuwa nimesharudi uani kwetu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nikiwa mtoto ninayemsubiri Papa.

Papa, ndivyo tulivyomwita baba yetu, alibeba maziwa. Asubuhi alipanda Bugeshi, kule kwenye baridi chini ya volkano, akachukua maziwa kwa wafugaji, akayafunga kwenye bidoni, yale madumu ya njano, nyuma ya pikipiki na kushuka nayo mjini kabla hayajaganda. Ng'ombe wake mwenyewe walibaki Masisi, Kongo, tulipohama kurudi Rwanda. Hakuwazungumzia. Nadhani kubeba maziwa ya ng'ombe wa wengine ndiko kulikuwa kuwazungumzia kwake.

Barabara ya juu haikuwa na amani miaka ile ya waasi. Watu walitoka asubuhi wakachelewa, na wengine hawakufika. Nyumbani jambo hilo halikutajwa. Mama alimwambia tu, "Leo uwahi," naye Papa akajibu, "Nitawahi," kisha tukaisikiliza pikipiki mpaka sauti yake ikapotelea kwenye kilima.

Alasiri alirudi akinuka ile harufu. Aliteremka, akaukung'uta mkono wake wa kushoto kama aliyeushika moto, na kusema maneno yaleyale:

"Hii ambreyaji iko nguvu. Itanikata mukono."

Ambreyaji ndilo jina la klachi kwetu, na iko nguvu maana yake ni nzito. Alikaa kwenye kigoda, na Mama akamletea maji ya uvuguvugu katika beseni. Vidole vyake vilikuwa vimekunjika na havikutaka kunyooka. Mama alivinyoosha kimoja kimoja ndani ya maji.

Mama Aisha, jirani yetu, aliyevuka mpaka kila siku kwenda kuuza vitenge Goma, hakuwa na huruma ya namna hiyo.

"Ba Safari, ile moto haina kitu," alimtania Papa juu ya ua; Safari ni mimi, na moto ni pikipiki. "We njo unazeeka! Goma nimeona bibi anavuta ambreyaji na kidole moya, huku anakula mandazi."

"Kuya ujaribu wewe," Papa alijibu.

"Mi? Mi nikipanda, sitarudia tena hapa kwenu kuomba chumvi!"

Walicheka. Mimi sikucheka. Niliutazama ule mkono ndani ya beseni, na moyoni nikaapa kwamba nitaitengeneza klachi ile mpaka isiwe na neno.

Hakuna aliyenifundisha ufundi. Nilijifunza kwa kufungua vitu na kuogopa kuvifunga vibaya. Nilifungua redio, baiskeli, kufuli. Kila skrubu niliyoitoa niliiweka juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio uleule iliokuwa nao ndani ya kitu, na mtu akipita karibu na kitambaa nilipiga kelele. Nikimaliza kufunga, nilifungua tena kuhakikisha. Mama alisema nina ugonjwa wa kuhakikisha. Sijapona.

Kwanza nilishughulika na waya wa klachi, ule unaotoka kwenye mkono wa usukani hadi ubavuni mwa injini. Niliutoa, nikauning'iniza kwenye tawi la mparachichi, nikafunga kifuko cha plastiki kwenye ncha ya juu na kukijaza oili, ili oili iteremke polepole ndani ya ganda lake. Ilipoanza kudondoka chini, nyeusi na yenye chembe za kutu, nilifurahi kama aliyetoa sumu mwilini mwa mtu. Niliurudisha. Ulikuwa mwepesi zaidi, ningeapa.

Papa alirudi alasiri, akaukung'uta mkono. "Iko nguvu."

Sikulala vizuri. Mtu mwingine angesema basi, klachi ndiyo ilivyo. Mimi niliamini kwamba kitu kikibaki na kasoro, ni kwa sababu sijakitazama vya kutosha. Nilichuchumaa tena pembeni ya injini na kukitazama kipande cha chuma ambacho waya hukivuta, na hapo nikagundua jambo lililonipa kizunguzungu cha furaha: kipande hicho kikiwa kirefu, kuvuta kunakuwa rahisi, kama vile mlango unavyosukumika kwa urahisi mbali na bawaba kuliko karibu nazo. Nilimwomba Mama Aisha anitafutie Goma kipande kirefu cha pikipiki nyingine. Alileta, akanikabidhi kana kwamba ni dawa.

"Shika, fundi. Ukiua ile moto, mi sijui kitu."

Nilikifunga siku Papa alipopumzika. Niliuvuta mkono wa klachi kwa kidole kidogo, ukaja. Nilipandisha pikipiki kwenye stendi, nikawasha injini, nikavuta klachi na kuingiza gia ya kwanza. Hapo gurudumu la nyuma lilipaswa kutulia. Lilizunguka, polepole, kama mtu anayeondoka bila kutaka aonekane. Nililizuia kwa unyayo, likasimama. Nikajiambia ni oili, bado ni baridi.

Fahamuni kilichokuwa kimetokea. Kipande kirefu huvutika kwa urahisi, lakini husogea kidogo. Klachi yangu ilikuwa laini, ila haikukata: hata ukiuvuta mkono mpaka mwisho, injini iliendelea kulisukuma gurudumu kwa siri. Mimi, niliyefungua redio mara mbili kwa kushuku skrubu moja, niliona gurudumu likizunguka nikaliombea udhuru. Nilikuwa nimeuona wepesi, sikutaka kuona kingine.

"Papa, jaribu sasa."

Aliuvuta. Nyusi zake zikapanda. "Eh! Mbona haina kitu? Inakuya yenyewe!" Alinishika kichwa kwa mkono uleule. "Bon. Donc tuko na fundi ndani ya nyumba."

Kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi pale barabara ya juu inapoingia mjini. Bariye, tulikiita. Siku nyingine alasiri nilimsubiri Papa hapo kando, nipokee bidoni ndogo za wateja wa karibu. Utaratibu wa bariye ile kila mwendesha pikipiki aliujua: unasimama mbele ya kamba iliyokatiza barabara, miguu yote miwili chini, mkono wa kulia juu kabisa uonekane hauna kitu, na unabaki hivyo hadi askari akupungie. Mkono wa kulia ukiwa hewani, hakuna wa kushika breki. Miguu ikiwa chini, hakuna wa kukanyaga breki. Kinachoizuia pikipiki iliyo kwenye gia ni mkono wa kushoto peke yake, na klachi. Wengi waliitoa pikipiki kwenye gia kabla ya kufika kwenye kamba. Papa hakuitoa, hakupenda kuhangaika na gia mbele ya bunduki. Na klachi yangu ilikuwa nzuri.

Siku iliyofuata alikuja na bidoni zake, akasimama, akaweka miguu chini, akainua mkono. Nilikuwa nikitabasamu.

Pikipiki ikasogea.

Ilisogea kiasi cha kiganja. Askari kijana aliyekuwa kwenye kamba aligeuza kichwa. Papa aliuminya mkono wa klachi mpaka mwisho, nikaona vifundo vya vidole vikiwa vyeupe, na pikipiki ikasogea tena, kamba ikagusa taa ya mbele.

"Simama! We, simama!"

"Nimesimama, afande! Haisikii!"

Bunduki zilinyanyuka, sijui ngapi. Papa alifanya jambo moja lililobaki: aliiangusha pikipiki ubavuni, akalala nayo. Injini ilipiga kelele, ikazima. Maziwa yakaanza kumwagika juu ya changarawe nyeusi ya lava, yakitafuta njia katikati ya mawe.

Walimkalisha chini, mikono kichwani. Walimimina na yaliyobaki waone kama kuna kitu ndani. Papa alisema na kurudia kwamba ni ambreyaji, haikukata. Mkubwa wao, mtu mtulivu mwenye kofia iliyofifia, aliinua pikipiki mwenyewe na kuvuta mkono wa klachi. Akauvuta tena. Akamgeukia Papa.

"Hii klachi? Mtoto mchanga anaweza kuivuta. Klachi nyepesi namna hii unaniambia mbovu? Ulitaka kupita."

"Afande, sikutaka…"

"Ulitaka kupita, mzee. Ulibeba nini juu huko?"

Ndugu msomaji, kazi yangu ilikuwa nzuri kiasi cha kumtia baba yangu hatiani. Walianza kumwinua ili wampeleke nyuma ya mifuko ya mchanga, na wakati ule hatukuwa na uhakika kwamba mtu aliyepelekwa huko hurudi. Nilitembea hadi kwa yule mkubwa. Sikumbuki miguu yangu. Nakumbuka soli za kandambili zikinata kwenye maziwa.

"Ni mimi niliitengeneza," nilisema. "Ni nyepesi lakini haikati. Naweza kukuonyesha."

"Wewe ni nani?"

"Fundi wake," nilisema, na askari mmoja akacheka.

Waliniruhusu. Niliipandisha kwenye stendi, nikapiga teke mpaka ikawaka, nikavuta klachi yote na kuingiza gia. Nilimwomba Mungu gurudumu lizunguke. Jana yake nilikuwa nimelizuia kwa unyayo; leo niliogopa lisije likatulia. Lilizunguka. Mkubwa aliinama, akalitazama likienda, kisha akautazama mkono wangu mdogo ulioishika klachi mpaka mwisho. Kwa haki, nilihisi pia kitu kama fahari, na hadi leo kinanitia aibu kuliko kosa lenyewe.

"Mpeleke baba yako nyumbani," alisema. "Na usimtengenezee kitu tena."

Tuliisukuma pikipiki hadi nyumbani, Papa kushoto, mimi kulia. Alikuwa amelowa na alianza kunuka maziwa yaliyochacha. Uani, Mama Aisha alifungua kinywa amtanie, akaona uso wake, akarudi ndani kwake.

Kesho yake nilirudisha kipande cha zamani. Nililegeza na kukaza waya kwa saa nzima hadi klachi ikakata sawasawa, gurudumu limetulia kabisa, na mkono si mzito. Nasema kama fundi: ilikuwa sahihi. Papa alipanda, akauvuta mkono wa klachi, akatazama upande wa kilima.

"Iko nguvu," alisema. Akateremka.

Hakupanda Bugeshi tena. Baadaye alipata kazi ya kupanga magunia ghalani, na pikipiki ikabaki chini ya mparachichi. Nami, kila nilipotoka shule, niliendelea kuirekebisha. Nilikaza, nikalegeza, mpaka vichwa vya boliti vikawa duara na spana ikateleza. Niliamini kwamba siku nitakapoiweka barabara kabisa, Papa atapanda.

Nilikuwa mtu mzima, tayari nina karakana, nilipoifungua klachi ya pikipiki ile ndani kwa mara ya kwanza. Diski zilikuwa zimeungua mpaka zikawa nyeusi na kung'aa. Nilikuwa nimeshaona nyingi za namna ile, na najua zinavyopatikana. Mtu huendesha akiwa ameivuta klachi nusu, haiachii wala haivuti yote, kilomita baada ya kilomita, vidole vimeganda pale kwa sababu wakati wowote huenda akahitaji kusimama, au kukimbia. Klachi inaungua. Mkono unakufa ganzi. Mtu akifika nyumbani hawezi kuvinyoosha vidole, na akiulizwa, kuna neno moja tu la kiume la kujibu: iko nguvu.

Klachi ya Papa haikuwa nzito hata siku moja. Mama Aisha alisema kweli kwa mzaha wake. Papa alikuwa akiniambia anaogopa, na mimi nikachukua spana. Nadhani Mama alijua. Ndiyo maana alileta beseni na hakuuliza kitu.

Papa yupo, anaishi Rugerero. Sijamwambia nilichokiona ndani ya ile injini. Kijana wa wiki hii naye alisema klachi yake ni nzito, na zamani ningeshaufungua waya kabla hajamaliza kusema. Siku hizi sigusi spana kwanza. Napanda nyuma ya mwenye pikipiki, tunakwenda njia anayopita kila siku, na ninautazama mkono wake wa kushoto.