Mavi Yetu Tuliyaokota

Mwaka mvua zote mbili zilipokataa, nilikuwa na miaka tisa. Hapo ndipo shida yangu ilipoanza, na ilianza na harufu: mavi mabichi ya ng'ombe yaliyolowa maji ya bahari. Watu wakiisikia harufu hiyo hufunga pua. Mimi nikiisikia hadi leo, mkono wangu wa kulia hujikunja wenyewe kama umeshika kikapu. Msinicheke. Wako waliosoma wanaokumbuka utoto wao kwa harufu ya asumini. Mimi wangu ni mavi, na siombi radhi.

Sisi ni Waorma. Mali yetu ni ng'ombe, na kabla ya mwaka ule baba yangu, tuliyemwita Abba, alikuwa na zizi la kumfanya mtu azungumze polepole na asikilizwe. Nyasi za Minjila zilipokwisha, ng'ombe walianza kulala jioni wasiamke asubuhi. Tukashuka na mto mpaka baharini, mbele kidogo ya Kipini, kwenye kijiji cha wavuvi ambacho sitakitaja jina, maana wajukuu wa watu wale ni wateja wangu. Tulifika na ng'ombe mmoja. Jina lake Dima, yaani mwekundu.

Pwani ile ilikuwa na upepo wa kufukuza mbung'o, na ilikuwa na maji. Nyuma ya vilima vya mchanga ukichimba kwa mikono tu, yanatoka maji matamu yasiyo na chumvi hata chembe. Dima alikunywa pale, kisha akatembea ufuoni akilamba chochote chenye chumvi. Na akishashiba maji alikunya. Ng'ombe hana choo.

Wazee wa kijiji wakatujia.

"Pwani ni ya watu wote," mmoja alimwambia Abba, "lakini si ya mavi yenu. Watoto wetu huoga hapa."

Wakatoa sharti. Mavi yaokotwe kila asubuhi kabla samaki hawajashushwa. Siku yatakapoonekana, kisima hatukisogelei tena. Abba, mtu aliyezoea kuombwa maziwa, aliitikia kwa kichwa tu. Kazi nikapewa mimi, kwa kuwa mama alikuwa na mtoto mchanga, ndugu yangu, aliyekuwa akinyonya ziwa lisilo na kitu.

Nilikuwa na kikapu cha ukindu na kipande cha kifuu cha nazi cha kuchotea. Msimamizi wangu alijipa kazi mwenyewe: Bi Zena, kikongwe ambaye nyumba yake iliangalia bahari. Alikaa mlangoni na kahawa yake.

"We Hawo! Na lile pale? Au hilo ni halua?"

"Naja, bibi."

"Usifukie kwa mguu, nakuona! Mavi ya ng'ombe hayafichiki, ni kama mimba."

Alinichekesha, yule bibi. Akimaliza kahawa alinipa mabaki ya mkate, kisha akauchukua mfuko wake wa takataka na kuurusha ufuoni, palepale nilipotoka kusafisha. Kila nyumba ilifanya hivyo. Ufuo ulijaa mifuko ya plastiki, chupa, kandambili za mguu mmoja, vipande vya kamba za nailoni. Siku moja nikamuuliza, "Bibi, na hizi niokote?"

"Hizo si mavi, mwanangu. Hizo ni taka safi. Maji yakijaa yatachukua."

Maji yalichukua kweli. Yakazirudisha kesho yake, na nyingine za watu wa mbali.

Dima alikuwa akiilamba ile mifuko kwa ajili ya chumvi. Kulamba kukawa kutafuna, kutafuna kukawa kumeza. Sisi tulicheka. Abba mwenyewe alisema, "Ng'ombe wangu amekuwa mtu wa mjini, anakula na karatasi yake." Kwetu ng'ombe huambiwa yalipo majani, haambiwi kisicho majani. Katika mbuga zetu kila kilichokuwa chini kiliota, na kilichoota kililiwa. Hatukuwa na neno la kumkanya.

Kisha tumbo la Dima likaanza kujaa. Abba alimpapasa ubavu, akatabasamu. "Ana ndama," alisema. "Akizaa mtamba ni wako, Hawo. Huo ndio ujira wa mavi." Mama akamsogeza mtoto kifuani akasema alhamdulillahi, maana ndama ni maziwa, na maziwa ndiyo kitu pekee alichokihitaji yule mtoto. Kuanzia siku hiyo sikujiona naokota mavi, nilijiona nachunga mali yangu. Niliamka kabla ya kuamshwa.

Abba alikuwa na usemi wake: ng'ombe hasemi kwa mdomo, husema kwa mavi. Kila asubuhi nilipomletea kikapu aliyapasua kwa ncha ya fimbo, akatazama ndani, akaelewa habari za usiku. Asubuhi moja niliona uzi wa buluu umejitokeza kwenye bonge. Nikauvuta, ukatoka mrefu. Nikauosha baharini nikaufunga mkononi kama bangili. Abba akauona.

"Umeutoa wapi?"

"Kwenye mavi ya Dima."

Aliushika ule uzi kwa vidole viwili, mkono wangu ukiwa bado ndani yake, kwa muda mrefu. Kisha akauachilia. "Unakupendeza," akasema.

Kesho yake akaja dalali wa mifugo kutoka Garsen, kijana wa maneno mengi. Akamzunguka Dima.

"Mzee, huyu mwekundu nipe. Tumbo limejaa, nitamuuza na ndama wake."

"Siuzi."

"Una ng'ombe mmoja na unanijibu kama una mia?"

"Hata ningebaki na kwato moja tu. Siuzi."

Mama alilia usiku ule. Mimi nilijaa furaha. Nilijua amemkataa dalali kwa ajili ya ndama wangu.

Haikupita wiki, Dima alilala ufuoni akakataa kuinuka. Abba alimgeuza kibla akamwahi kwa kisu kabla hajafa, nyama isije ikawa haramu. Kijiji kizima kilikuja na masinia, Bi Zena mbele. Abba akapasua tumbo. Nilichungulia kumwona ndama wangu. Kilichotoka kilikuwa bonge kubwa kama mtungi, limesokotana, linanuka: mifuko, kamba, nusu ya kandambili.

Abba alilivuta bonge lile mpaka miguuni pa yule mzee wa sharti.

"Mavi yetu tuliyaokota," alisema. "Haya ni yenu."

Mzee akatazama, akasogeza viatu vyake. "Nani alimwambia ale?"

Nyama wakachukua. Bonge likabaki mchangani, kwa kuwa halikuwa la mtu. Usiku maji yakalichukua, na asubuhi lilikuwa palepale. Ndugu yangu hakuiona mvua. Mimi sikurudi tena kwenye darasa la pili nililokuwa nimelianza Minjila, nikapelekwa Garsen kuosha masufuria ya hoteli. Abba akashika jembe kwenye shamba la mtu, akazungumza haraka mpaka kufa kwake.

Nilikuwa nimeshazaa watoto wangu wote ndipo nilipomwelewa, siku moja nikiwa mnadani, nikitazama watu wakisifu tumbo la ng'ombe mgonjwa. Mtu aliyepasua mavi maisha yake yote hakuhitaji kuona uzi mara mbili. Asubuhi ya bangili Abba alijua ndama hakuna. Hakumkataa dalali kwa ajili yangu. Alikataa kumwuzia mwenzake mauti. Na ndama alimwacha aishi midomoni mwetu, mimi na mama, siku zile zilizobaki.

Niseme ukweli? Mimi ningemuuza Dima kabla dalali hajamaliza sentensi. Ningenunua maziwa ya kopo. Ndiyo maana mimi nina kitu na yeye hakuwa nacho. Heshima ile naisifu mbele za watu, lakini ilimla ndugu yangu.

Pwani ile nimerudi. Vijana walivaa glavu na fulana za aina moja, wakaokota taka, wakapigwa picha, wakajaza magunia. Gari la kuyabeba halikuja. Magunia yamepasuka nyuma ya vilima vya mchanga, palipokuwa na kisima chetu. Watoto bado wanafukuza ng'ombe wa watu kwa mawe kwa sababu ya mavi.

Leo nina nyumba ya mawe Garsen. Nina duka barabarani. Nauza maji ya chupa, biskuti, nepi, kandambili, na kila kitu kina plastiki yake, na sijui ningeuza nini kingine. Nina bodaboda mbili. Nina kisu cha Abba. Nina ng'ombe, idadi sisi hatutaji. Ukame wa safari hii umewashusha baharini, na jana mchungaji wangu alinipigia simu kwa furaha, kwamba yule mweusi tumbo limejaa, ana ndama.

Nimemwambia apasue mavi yake kwa fimbo, atazame ndani, kisha anipigie. Hajapiga.