Kitambaa Kilichosubiri Kombe

Mtoto wangu mdogo nikishamwogesha, humpaka mafuta ya mgando kuanzia utosini hadi nyayoni. Akishapakwa hashikiki. Anateleza mikononi kama sabuni, na kila anachokigusa kinabaki na alama za vidole vyake: kioo cha kabati, mguu wa meza, shavu langu. Mume wangu hulalamika kwamba humu ndani hakuna kitu kisichong'aa. Mimi sina haraka ya kufuta. Navitazama vile vidole, namkumbuka Baba.

Baba alikuwa fundi wa fimbo za gofu. Nikisema hivyo watu huniuliza kama kweli kuna kazi ya namna hiyo. Ipo. Fimbo ya gofu ina kichwa, ina shingo, ina mpini wa kushikia, na vyote hivyo hulegea na kuvunjika, hasa mwenyewe akiwa amekasirika. Chumba chake kilikuwa nyuma ya klabu, kati ya bafu la wachezaji na stoo ya mashine za kukatia nyasi. Kilikuwa na dirisha moja, meza yenye jiliwa la kubania fimbo, makopo ya gundi, vipande vya msasa, na fimbo zilizoegemezwa ukutani kama wagonjwa wanaomsubiri daktari. Nilipokuwa shule ya msingi nilipitia pale kila siku ili turudi nyumbani pamoja. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango nikimwangalia anavyozungusha uzi shingoni mwa fimbo, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Hata sasa nikipita mahali penye harufu ya gundi, macho yangu hutafuta kile kigoda.

Watu walimwita Mzee Mbinu, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Baba aliamini kwamba kasoro yoyote ya mkono inaweza kutibiwa kwenye fimbo. Yeye naye alicheza, wafanyakazi walikuwa wanaruhusiwa jioni wenye klabu wakishaondoka, na mpira wake ulikuwa na ugonjwa mmoja usiopona. Akiupiga kwa ile fimbo kubwa ya kuanzia, unaondoka vizuri, unapaa vizuri, halafu katikati ya safari ni kama umekumbuka ulichokisahau: unakata kulia, moja kwa moja kwenye miti. Ndivyo ulivyokuwa tangu ujana wake.

Basi alijaribu kila kitu. Alibandika kipande cha madini ya risasi nyuma ya kichwa cha fimbo kiongeze uzito. Alivua mpini akauvika mpira wa tairi ya baiskeli. Alipaka nta ya mshumaa. Alijifunza kupiga kwa mkono wa kushoto, fimbo imegeuzwa kichwa chini, kwa siku ambayo mpira utajibana kwenye uzio. Kila mbinu aliiuliza maswali mawili: inasaidia? inaruhusiwa? La kwanza alilijibu mwenyewe uwanjani. La pili alilipeleka kwa katibu wa klabu, mtu mpole mwenye miwani, ambaye ndiye alikuwa mwamuzi.

"Risasi bandika," katibu alimwambia, "ila mchezo ukishaanza usiiguse tena."

"Na kupiga huku nimeigeuza?"

"Piga. Kichwa ni kichwa. Ila uupige kweli, Mzee wangu. Ukianza kuusukuma kama unafagia uwanja, hapo tutagombana."

Kisha ikaja mbinu ya mafuta ya mgando. Baba alisikia kwamba ukiupaka uso wa fimbo mafuta, mpira hauzunguki sana hewani, kwa hiyo haukati. Akajaribu jioni moja. Alirudi nyumbani mbio mbio, viatu vimejaa nyasi, akamshika Mama mabega. "Umenyooka! Mke wangu, mpira umenyooka kama rula!" Kesho yake akaenda kwa katibu. Aliporudi, alivua kofia akakaa.

"Hairuhusiwi," alisema. "Ukipaka kitu usoni mwa fimbo ili kiusaidie mpira, unatolewa mchezoni." Akacheka kidogo. "Nimegundua, mwanangu. Mbinu ni za aina mbili tu. Zinazoruhusiwa hazisaidii, na zinazosaidia haziruhusiwi."

Hakuacha, lakini. Kila ilipopita miezi aliyapaka tena mafuta, peke yake, hakuna mashindano wala mtu wa kumshinda, apige mpira mmoja au miwili, autazame ukienda moja kwa moja, kisha aifute fimbo na kurudi nyumbani. Nadhani alipenda tu kuuona.

Sasa niseme habari za kombe. Mara moja kwa mwaka wenye klabu waliwaachia wafanyakazi uwanja mzima: wakata nyasi, wapishi, wafagiaji, wabeba mikoba ya wachezaji. Mshindi alipewa kombe dogo lililopinda sikio moja, akakaa nalo nyumbani kwake hadi mwaka unaofuata. Mama, alipoolewa, alimkuta Baba anaota kombe hilo. Akafuma kitambaa cha duara, cheupe chenye ukingo wa njano, akakitandika juu ya kabati la vyombo. "Hiki ni cha kombe," alisema. Basi hapo juu hapakuwekwa kitu kingine. Siku moja niliweka hapo kikombe changu cha maji, Mama akapiga kelele kutoka jikoni kana kwamba nimemkanyaga mtu: "Toa! Hapo pana mwenyewe!"

Kila mwaka mashindano yakikaribia alikifua, akakitia wanga, akakipiga pasi. Na kila mwaka kombe lilikwenda kwa Kigingi.

Kigingi alikuwa msimamizi wa wakata nyasi na rafiki wa Baba wa kufa na kuzikana. Walimwita hivyo kwa sababu akisimama kupiga, miguu yake ilikuwa kama imepigiliwa ardhini. Hakuwa na mbinu hata moja. Jumapili alikuja kwetu kunywa chai, na kabla hajakaa lazima atupe jicho juu ya kabati.

"Shemeji," alimwambia Mama, "hicho kitambaa kinazeeka bila mume."

"Heri kisubiri, shemeji. Hilo kombe lako nasikia mkeo ameligeuza la kuwekea vitunguu."

"Si kombe hilo? Vitunguu navyo vina haki ya kuishi vizuri."

Baba alicheka hadi chai ikampalia. Lakini mimi niliyekaa chini karibu na miguu yake niliona jinsi alivyotazama pale juu baada ya mgeni kuondoka.

Miaka ikaenda. Nikaolewa, nikapata mtoto wa kwanza, mnene wa mashavu, babu yake akamwita Bonge. Mwaka huo klabu ilimwambia Baba kwamba ukiisha atapumzika. Watu walikuwa hawatengenezi fimbo tena, ikivunjika wananunua nyingine, na chumba chake kingeunganishwa na stoo. Kwa hiyo mashindano yale yalikuwa yake ya mwisho. Hakuna aliyelisema hilo nyumbani. Mama alipiga kitambaa pasi mara mbili, basi.

Siku yenyewe tulikwenda wote. Sisi wanawake tulikaa kwenye benchi nyuma ya jiko la klabu, karibu na njia iendayo kwenye shimo la mwisho. Habari zilitufikia kwa wapishi: Mzee Mbinu anacheza kama amezaliwa upya, mpira umeingia mitini, lakini ameutoa, sasa yeye na Kigingi wako sawasawa, limebaki shimo moja.

Bonge alikuwa amejigaragaza kwenye majivu. Nilikuwa nimemwosha bombani na kumaliza kumpaka mafuta pale Baba alipotokea, jasho linamtoka, macho kama ya kijana.

"Mlete huyo mwizi wa mke wangu," alisema.

Akakaa benchini, akampakata, ile fimbo kubwa imelala magotini. Bonge akakiona kichwa cheusi cha fimbo kinachometa, akakipiga makofi kwa viganja vyote viwili, pa, pa, pa, huku anacheka.

"Mume wangu anamfundisha babu yake kazi," Mama alisema.

"Mfundishe, babu, mfundishe. Wenzako wamejaribu wakashindwa." Akamnusa utosini, akanirudishia, akaenda.

Tulimfuata kwa nyuma. Kigingi alipiga kwanza, mpira ukatua katikati ya uwanja kama kawaida yake. Baba akategesha wake. Alikuwa na tabia, akishapiga, ya kuinamisha mwili kushoto, kama anauvuta mpira kwa kamba usiende mitini. Akapiga, akainama. Mpira haukuhitaji kuvutwa. Ulikwenda, ukaenda, ukanyooka, ukaupita ule wa Kigingi, na Baba akabaki ameinama vile vile kama mtu aliyesahau kusimama.

Alishinda kwa pigo moja. Wapishi walipiga masufuria. Mama alinishika mkono akaniminya hadi nikaumia. "Kitambaa," alikuwa anasema, "kitambaa, kitambaa," basi, hana neno lingine.

Baba hakuwahi kurudisha fimbo nyumbani bila kuifuta. Nilimwona akitoa leso, akaivuta ile kubwa kutoka mkobani, akaigeuza. Akasimama. Nilikuwa karibu, nimembeba Bonge, nikaona alichokiona: usoni mwa fimbo, wazi kabisa, kiganja kidogo cha mafuta, na katikati ya kiganja alama ya duara pale mpira ulipogonga.

Leso ilikuwa tayari mkononi. Ilikuwa ni kupitisha mara moja tu. Aliniangalia, akamwangalia Bonge, kisha akaikunja leso akairudisha mfukoni, akaenda na fimbo yake kwa katibu.

"Angalia," alimwambia.

Katibu alivua miwani, akaivaa. "Mafuta haya, Mzee?"

"Ya mjukuu wangu. Nilimpakata sasa hivi."

Watu waliokuwa karibu wakaanza kucheka. Mpishi mmoja akasema kwa sauti, "Mzee Mbinu, miaka yote unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, leo unamsingizia mtoto!" Kicheko kikawa kikubwa. Na kwa kweli ningekuwa mimi ni wao, nisingeamini. Mtu gani mwingine duniani angepatikana na mafuta kwenye fimbo, kama si yeye?

Katibu alinyoosha mkono wakanyamaza. "Ulipaka ili yakusaidie?"

"Hapana."

"Ulijua yapo?"

"Ningejua ningefuta."

"Basi hakuna kosa. Sheria inamkamata anayepaka, haimkamati anayepakwa. Kombe ni lako."

Mama akashusha pumzi. Lakini Baba hakunyoosha mkono. Alimgeukia Kigingi.

"Twende pale tulipopigia," alimwambia. "Nataka kupiga tena. Si kwa ajili ya kombe. Nataka kujua tu."

"Wewe mzee una wazimu. Umeshapewa!"

"Twende."

Wakarudi, na sisi wote nyuma yao. Baba alitoa leso, akaufuta uso wa fimbo, akapulizia pumzi, akafuta tena. Akategesha mpira pale pale. Akapiga, akainama kushoto, akauvuta kwa nguvu zake zote. Mpira uliondoka vizuri, ukapaa vizuri, halafu ukakumbuka ulichokisahau, ukaingia mitini.

Hakuna aliyecheka. Baba aliitazama ile miti kwa muda. Kisha akachukua kombe mkononi mwa katibu, akamwekea Kigingi kifuani.

"Mwamuzi amesema ni lako," Kigingi alisema, analisukuma.

"Mwamuzi amesema inaruhusiwa. Hajasema nimepiga mimi." Akamwelekezea Bonge kidole. "Aliyepiga ni yule pale, na yeye hajaandikishwa."

Kigingi alilipokea. Macho yake yalikuwa mekundu, akajifanya anakagua lile sikio lililopinda.

Tulipofika nyumbani Mama alivuta kiti, akapanda, akaanza kukikunja kitambaa. Alikikunja polepole, ukingo kwa ukingo, kama mtu anayekunja nguo za aliyesafiri.

"Kiache," Baba alisema. "Mwanangu, niletee mafuta ya mtoto."

Nikatoa kopo mfukoni mwa begi la nepi. Lilikuwa limebonyea, kifuniko hakifungi sawasawa. Baba alikitandika kitambaa upya, akaliweka kopo katikati kabisa, akarudi nyuma hatua mbili, akalipigia saluti.

"Bingwa," alisema.

Mama alimtazama yeye, akatazama juu ya kabati. Midomo ilianza kumcheza. Akakaa kwenye kile kiti alichokuwa amekipanda, akacheka hadi akajifuta machozi, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko. "Haya," alisema. "Angalau kimepata mume."

Kopo likakaa. Bonge nilimnunulia jingine. Kigingi aliendelea kuja Jumapili, na kabla hajakaa alisimama mbele ya kabati, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, bingwa." Baba alimwitikia kwa niaba ya kopo, "Marahaba, mjukuu." Walifanya hivyo kila Jumapili na kila Jumapili walicheka kama ndiyo mara ya kwanza, hadi Baba alipotutangulia.

Mama alipohamia kwetu alikuja na kitambaa kile. Kina alama ya duara katikati, mafuta yaliyopenya chini ya kopo. Nimekiloweka, nimekisugua kwa ndimu, nimekichemsha. Juzi nilikuwa nimekaa na beseni nakisugua tena, Mama akatoka nje na mtoto mgongoni, akasimama akaniangalia.

"Hakitoki, Mama," nikamwambia.

"Iache hiyo alama, mwanangu," alisema. "Hapo pana mwenyewe."